Baiskeli Haioshwi Matangani

Wapo watu Bwera wanaomwita Consolée mchawi, na wapo wanaompelekea baiskeli zao kila jioni, na mara nyingi ni watu wale wale. Utamkuta nyuma ya soko, pale bomba linapovuja, na ndoo yake, gunzi la mahindi, mswaki uliokwisha nywele, kopo la mafuta ya taa na bisibisi ya marehemu baba yake. Wasukuma chumvi, wanaume wanaoleta magunia kwa baiskeli kutoka ziwa la Katwe, hupita kwake kabla hawajaenda kuoga wenyewe. Mtu anaweza kuja na uchovu, anaweza kuja na pombe kichwani, anaweza hata kuja na msiba nyumbani kwake; Consolée haulizi. Anapindua baiskeli miguu juu na kuanza kazi.

Hilo la msiba ndilo linalowakera watu. Huku kwetu mwili ukiwa ndani, hakuna anayelima, hakuna anayefagia, hakuna anayefua wala kusugua chombo chochote isipokuwa sufuria za kuwapikia waombolezaji. Mambo hukaa hivyo mpaka moto wa matanga uzimwe. Consolée aliosha baiskeli mwili wa mumewe ukiwa ndani ya nyumba, mchana kweupe, na watu wamejaa uani. Ukisikia habari hiyo juu juu utamtupia jiwe na wewe. Kaa basi, uisikie yote.

Baba yake, Xavier, alikuwa fundi baiskeli huko Beni, upande wa Congo. Alikuwa mtu wa kuja kutoka Kisangani, na binti yake alikua akizungumza Kiswahili cha mjini, Kinande, lugha ya wenyeji, akikijua cha kusalimia tu. Xavier hakujaliwa mtoto wa kiume na hakupoteza usingizi kwa hilo. Alimkalisha Consolée kando ya sanduku la vyuma na kumfundisha kusikiliza gurudumu. Unalizungusha kwanza uone kama linayumba. Kisha unapiga spoki moja moja kwa ukucha, kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze. Spoki nzima inalia. Iliyoliwa na kutu inanung'unika tu, hata kama kwa macho inang'aa.

"Velo haikufaka mu njia," Xavier alikuwa akimwambia. "Inakufaka ku nyumba. Mu njia inaangukaka tu." Yaani baiskeli hufia nyumbani, njiani huanguka tu.

Xavier aliuawa usiku mtaa wao ulipovamiwa, na Consolée akavuka mpaka na umati wa watu akiwa na bisibisi ile ndani ya kitenge. Upande wa huku askari mmoja aliipapasa, akamfokea, "Wewe mama, toa silaha!" Alipoiona akaigeuzageuza, akamrudishia. Consolée aliitikia "Ndiyo afande" na kuendelea na safari. Hakuwa na mtu nyuma yake wala mbele yake.

Alimpata mumewe, Tsongo, kwa masikio, si kwa macho. Alikuwa akifua nguo za watu karibu na soko aliposikia baiskeli ya chumvi ikipita na gurudumu la nyuma likilalamika. Akaacha nguo kwenye beseni, akamkimbilia mwenye baiskeli, akamwambia gurudumu lake halitafika wiki ijayo. Tsongo alicheka. Wiki iliyofuata alirudi hacheki, bega limechubuka, akauliza yule mwanamke Mkongo aliyemtabiria yuko wapi. Huo ndio ulikuwa uchumba wao.

Unapaswa kuelewa chumvi ya Katwe inavyofanya. Inavunwa ziwani, inapakiwa ikiwa bado na unyevu, na safari ni ndefu, kutoka kule bondeni kupita Kikorongo na Kinyamaseke, kupanda na kushuka hadi Bwera. Njia nzima maji ya chumvi yanachuruzika kutoka guniani, yanapita kwenye keria, yanashuka kwenye spoki na kutuama pale katikati zinapojikunja na kuingia kwenye kitovu cha gurudumu. Hapo ndipo yanapokula. Chumvi haina haraka wala haina kelele. Wasukuma chumvi wengi walikuwa wakimwagia baiskeli zao kopo la maji na kwenda zao, na kila mwaka mmoja wao alivunjika mguu, na watu wakasema ni bahati mbaya.

Baiskeli ya Tsongo haikujua bahati mbaya. Akifika tu, kabla hajavua viatu, Consolée alikuwa ameshaishika. Tsongo anakula, yeye anaosha. Maji mengi kwanza, kutoka juu kwenda chini. Gunzi kwenye rimu, mswaki kwenye mnyororo na mafuta ya taa. Kitambaa kikavu, halafu tone la oili kwenye mnyororo, na kamwe si kwenye rimu, maana rimu yenye mafuta haisikii breki. Anashika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia aone kama gololi zimelegea. Anakaza kila nati. Mwisho kabisa anazipiga spoki, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, na Tsongo na binti yao Enid wananyamaza kumsubiri. Zikilia zote, anasema, "Iko muzima." Tsongo hakuwahi kwenda kulala kabla hajalisikia neno hilo.

Waliishi kwa wazazi wa Tsongo, kwenye kilima juu ya Bwera. Mzee Zedekia alikuwa mpole, mtu wa kahawa yake na Biblia yake. Mama Yunia alikuwa mwanamke wa sheria. Usimwone mbaya, alikuwa amezika watoto wengi kuliko aliobaki nao, na mtu wa namna hiyo hushika desturi kama mtu anayeshika ukingo wa daraja. Alimfundisha mkwewe kupika, kulima mteremkoni na kusalimia wakubwa. Alimpenda kwa kiasi chake.

Kisha ndugu mmoja wa Mzee Zedekia akafariki, na Consolée, ambaye kwao Beni hakuwahi kuambiwa habari ya makatazo haya, akatoka nyuma ya jiko asubuhi na kuosha baiskeli kama kawaida yake. Alipofika kwenye spoki, sauti ikasikika mpaka ndani walikolala wafiwa. Yunia alitoka na kulizuia gurudumu kwa kiganja.

"Unapiga muziki kwa kilio?" alimwuliza. "Nani alikufundisha hii?"

Ingekuwa yameishia hapo, yangesahaulika. Lakini haukupita muda Sylivia, dada yake Tsongo, akapoteza mimba, na watu hawana dogo. Wakasema Mkongo ameita kifo kwa kengele. Ukoo ukakaa kikao. Consolée alipiga magoti mbele yao akaomba radhi kwa kosa asilolielewa, na Mzee Zedekia akamtetea, akasema mgeni hafundishwi kwa fimbo. Yunia alisema neno moja tu kabla ya watu kutawanyika.

"Ukirudia, utarudi kwenu."

Consolée hakuwa na kwao. Kwao kulikuwa ni nyumba iliyochomwa na kaburi asilojua liko wapi. Tangu siku hiyo, kukilia mtu popote kilimani, yeye alikuwa wa kwanza kuketi mkekani na wa mwisho kunyanyuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo Mzee Zedekia mwenyewe akafa.

Alikufa msimu wa mvua, Tsongo akiwa njiani kutoka Katwe na magunia mawili. Simu ilimkuta Kikorongo. Hakusimama kuyafunika magunia, hakujikinga, alikanyaga tu akilia, na mvua ikamnyeshea njia nzima. Alipofika aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko na kuingia ndani kwa baba yake. Wanaume wakashusha magunia yaliyokuwa yameyeyuka nusu.

Consolée alikuwa mkekani na wanawake. Kutoka pale aliona maji meupe yakidondoka kutoka katikati ya gurudumu la nyuma, tone, tone, mpaka yakakauka. Alikuwa hajawahi kuona baiskeli iliyolowa chumvi namna ile. Mwili wake wote ulitaka kunyanyuka, na akaubana ukae.

Siku iliyofuata jua liliwaka na chumvi ikaganda juu ya spoki kama ukoko wa ugali. Wakazika. Watu walilala uani kuuzunguka moto, wakala, wakaimba, wakaomba, na baiskeli ikasimama pale pale ukutani. Consolée alikuwa akiitazama kuliko alivyolitazama kaburi, na aliona aibu kwa hilo, maana alimpenda yule mzee. Mara moja alitumwa sufuria jikoni. Alipoipita baiskeli alinyoosha kidole akagusa pale spoki zinapojikunja. Kidole kikatoka na rangi ya kahawia. Mzee Yeseri, mdogo wake Zedekia, alikuwa ameketi karibu, akakohoa na kumtazama. Consolée alikifuta kidole kwenye nguo yake, akachukua sufuria, akarudi mkekani.

Laiti baiskeli ingeachwa pale. Lakini desturi ilikuwa hivi: baiskeli haioshwi matangani, ila kubeba inabeba. Kazi ya msiba si kazi. Wageni walizidi kumiminika, kutoka Kasese, kutoka ng'ambo ya mpaka, na unga ukaisha kabla ya siku ya kuzima moto. Enoka, binamu yao mwenye mashine ya kusaga kule Kinyamaseke, alikuwa ametoa magunia mawili ya unga wa muhogo kwa ajili ya msiba, wa kuyafuata ndiye hakuwapo. Pikipiki za jirani zilikuwa zimewapeleka wageni. Mama Yunia akamwita mwanawe.

"Tsongo, chukua baiskeli. Watu hawawezi lala njaa kwa kilio ya baba yako."

Tsongo alikuwa na macho mekundu, hajalala sawasawa tangu afike. Akaenda ukutani. Consolée akamfuata kama anayempelekea kofia.

"Papa Enid," alimwambia kwa sauti ya chini, "velo iko na chumvi. Siyaigusa tangu ulifika."

"Mama Enid, unajua sheria ya matanga."

"Najua. Lakini haiko muzima."

Tsongo aliishika breki, akaisukuma baiskeli mbele, ikakataa kwenda. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Unaona? Breki iko sawa."

Breki haikuwa na ugonjwa. Consolée alifungua mdomo amwambie hivyo, amwambie angoje, nipe maji na muda mfupi tu, na akageuza macho. Yunia alikuwa mlangoni akiwatazama. Yeseri naye. Wanawake mkekani walikuwa wamenyamaza. Akilini akaliona lile gurudumu limezuiwa kwa kiganja, akajiona amepiga magoti, akamwona Enid akiulizwa mama yake amekwenda wapi.

"Basi ku miteremko shuka ku velo," alisema. "Usipande. Sukuma kwa mukono."

"Nitasukuma."

"Niapie."

"Nimesema nitasukuma, Mama Enid."

Akaitoa baiskeli langoni, na katika kimya kile Consolée alizisikia spoki. Hazikulia hata moja. Zilinung'unika. Alijua kama unavyojua mvua imenyesha kwa kuona matope. Angeweza kupiga kelele, angeweza kulala chini mbele ya gurudumu, na watu wangemcheka, au wangemfukuza, na mumewe angekuwa hai. Aliogopa. Woga wake ulikuwa mkubwa kuliko sauti yake, na akarudi kuketi.

Mchana ule alishindwa kuitikia nyimbo. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilimfanya ageuze shingo. Jua lilipokuwa linaegemea milima ya Congo ilipanda pikapu, polepole kupita kawaida, na nyuma yake alikuwa amesimama Siraj, msukuma chumvi mwenzake Tsongo, nguo nyeupe kwa unga. Ndani ya pikapu kulikuwa na mtu aliyefunikwa turubai, na pembeni yake baiskeli.

Siraj alishuka akaenda moja kwa moja kwa Yunia, akapiga goti.

"Mama, nilikutana naye Kinyamaseke, tukarudi pamoja," alisema. "Ni ile mteremko ya kushuka kwa mto. Gurudumu ya nyuma ilijikunja mara moja tu, ikamtupa katikati ya barabara. Lori ilikuwa nyuma yetu. Ile dereva hakuwa na namna."

Kilio kikapanda. Consolée hakulia bado. Alimsogelea Siraj na kumshika mkono.

"Alikuwa amepanda?"

Siraj alitazama chini. "Mama Enid, miteremko yote ya nyuma alishuka, akasukuma. Nilimcheka. Akasema mke wangu ameniapisha. Hii ya mwisho ndiyo akasema tumechelewa, wageni wana njaa. Akapanda."

Hapo ndipo Consolée alipolia.

Walimweka Tsongo ndani, mahali alipokuwa amelala baba yake. Moto wa matanga ya kwanza ulikuwa haujazimwa, kwa hiyo hawakuwasha mwingine, waliongeza kuni tu. Baiskeli iliegemezwa na mtu asiyefikiri kwenye ukuta ule ule wa jiko. Gurudumu la mbele zima. La nyuma limejikunja kama chapati.

Asubuhi, uani pakiwa pamejaa, mjane alinyanyuka mkekani. Mjane hanyanyuki, na wanawake wawili wakamshika nguo, na akajitoa mikononi mwao bila ugomvi. Alikwenda jikoni akatoka na dumu la maji, gunzi na mswaki. Akaipindua baiskeli, kiti chini, magurudumu juu. Watu walikuwa wanaelewa polepole anachotaka kufanya, na minong'ono ikaanza kama nyuki.

"Mwanamke, kaa chini," Mzee Yeseri alisema. "Mumeo iko ndani."

Consolée alimwaga maji. Unga uliokuwa umeshikamana na mnyororo ukageuka uji na kudondoka. Kulikuwa na damu kwenye keria, nayo akaisugua. Kulikuwa na chumvi, bado ipo, ya siku ile ile ya mvua, na aliisugua hiyo kwa nguvu zake zote, mpaka gunzi likakatika mkononi. Mzee Yeseri alisimama. Mtu akasema aitwe mwenyekiti wa kijiji. Mwingine akasema si alisharudia, basi arudi kwao.

Ndipo Mama Yunia akatoka ndani kwa mwanawe.

Watu wakampisha. Kila mmoja alijua neno alilowahi kulisema, na kila mmoja alikuwa akilingoja. Alikuja bila viatu, kitenge kimefungwa kiunoni, akasimama juu ya baiskeli. Consolée hakumtazama. Alikuwa amefika kwenye spoki. Akapiga ya kwanza kwa ukucha, na haikulia. Akapiga iliyofuata.

"Inasema nini?" Yunia aliuliza.

"Hii imekufa, mama."

"Na hii?"

"Imekufa. Na hii. Hii ilikatika kitambo, kabla ya njia. Angalia, mama, kutu imeingia mpaka ndani."

"Ilikufa lini?"

"Hapa. Ku hii ukuta. Ile siku tulikuwa tunalia mzee."

Yunia alichuchumaa, na magoti yake yakalia kwa uzee. Akaweka ukucha wake mwenyewe juu ya spoki moja na kuipiga. Ikanung'unika. Akapiga nyingine.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Nilimwambia yeye. Wewe nilikuogopa, mama. Niliogopa utanifukuza."

Yunia aliweka mkono juu ya gurudumu, kama siku ile alipolizuia. Lakini sasa hakuna aliyekuwa akilizungusha, na halingezunguka tena.

"Ningekufukuza," alisema mwishowe. "Kweli ningekufukuza." Akapitisha kiganja usoni. "Na mimi ndiye nilimtuma."

Mzee Yeseri akaanza kusema jambo juu ya ukoo, na Yunia akainua mkono bila kugeuka, naye akanyamaza. Yule mama akachukua dumu, akaliinamisha juu ya gurudumu lililojikunja, maji yakatoka.

"Osha," alimwambia mkwewe.

Consolée akaosha. Baiskeli ile haikuwa na kazi tena kwa mtu yeyote, na wote wawili walilijua hilo. Alisugua rimu, akasugua kitovu, akapitisha mswaki katikati ya kila spoki, zilizokufa na zile chache zilizokuwa bado zinalia, na Yunia akamwaga maji mpaka dumu likaisha. Kisha akanyanyuka kwa shida, akapita katikati ya watu wake wote bila kumtazama hata mmoja, akaenda kuchota dumu jingine.